Vijana, Pigeni Hesabu Kabla ya Kwenda Ujerumani

Siku hizi kila amalizaye shahada ya kwanza, awe Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, haishi kusikia habari moja: Ujerumani wanasomesha bure. Habari yenyewe ni ya kweli, na sikukusudia kumvunja mtu moyo. Jimbo la mwisho lililokuwa likitoza ada lilikoma mwaka 2014, na hadi leo vyuo vikuu vingi vya umma vya nchi ile havidai ada ya masomo, awe mwanafunzi ametoka Hamburg au Handeni. Majirani zao wa kaskazini wamekwisha geuka mmoja mmoja, Denmark mwaka 2006, Sweden 2011, Finland 2017, Norway 2023. Wote sasa wanawatoza wageni wanaotoka nje ya Ulaya. Hata Ujerumani kwenyewe mambo yameanza kubadilika. Jimbo la Baden-Württemberg linadai euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Technische Universität München imeanza kuwatoza wageni wapya wa uzamili euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Anayekwambia kwamba nchi nzima ni bure, huyo hajasoma masharti.

Lakini tuseme umepata chuo kisichodai ada. Mwenye nyumba anadai kodi, na duka la mkate nalo linadai fedha yake. Serikali ya Ujerumani inalijua hilo, ndiyo maana inamtaka anayejisomesha aweke euro 11,904 katika akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto kabla ya kupewa viza. Kwa shilingi za Tanzania hizo ni zaidi ya milioni 30. Kwa za Kenya, zaidi ya milioni moja na nusu. Wengi hudhani ni ada iliyofichwa, na hapo wanakosea. Fedha ni yako, nawe ukifika unarudishiwa euro 992 kila mwezi, uzitumie kwa kodi, chakula na bima.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo vijana wetu wanapoangamia. Milioni 30 hazipatikani kirahisi, basi kijana anakopa. Anakopa kwa ndugu, kwa chama cha akina mama, au kwa mtu wa riba ambaye hati ya kiwanja cha mzee inalala kabatini kwake. Anajiambia: nitaonyesha fedha, nitapata viza, kisha nitarudisha kidogo kidogo. Haya, turudishe. Mwezi wa kwanza zinatoka euro 992. Mkopeshaji anataka zake. Bima ya afya ya mwanafunzi inachukua euro 140 na ushei, chumba katika mji kama München kinaweza kumeza sehemu kubwa ya zilizobaki. Kijana anakimbilia kibarua. Sheria inamruhusu siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280, na kazi zenyewe kwa asiyejua Kijerumani ni kubeba mizigo ghalani usiku au kuosha vyombo. Asubuhi darasani anasinzia. Mtihani unampita. Mwaka wa kwanza unakwisha, shahada ni ya miaka miwili, na ofisi ya wageni kabla ya kuongeza kibali inamtaka athibitishe tena kwamba ana fedha za mwaka unaofuata. Zitoke wapi? Mkopo wa kwanza haujaisha.

Kwa hiyo nasema wazi: fedha ya Sperrkonto iliyokopwa kwa riba ni bora isiwekwe kabisa. Aliye na kazi nyumbani na afanye kazi miaka miwili au mitatu, aweke akiba, ndipo aombe. Ila asikawie mno, kwani bei nafuu ya bima ya wanafunzi humalizika mtu akifika miaka 30, na baada ya hapo hesabu hubadilika kabisa. Tena achague mji kwa akili. Chemnitz, Magdeburg na Ilmenau hazijulikani sana kwetu, wala hutapata sifa mtaani kwa kuzitaja, lakini kodi zake zinalipika.

Miaka hiyo ya kazi ina faida nyingine. Shirika la Ujerumani la DAAD, ambalo lina ofisi Nairobi, hutoa ufadhili wa masomo ya uzamili yanayohusu maendeleo, nalo hutaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na shahada yake iwe haijapita miaka sita. Anayefadhiliwa hulipwa euro 992 kwa mwezi bila kuweka hata senti. Na kwa Mtanzania au Mrundi, Juja, Kenya, nako ni ng'ambo: Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika kina taasisi yake pale kwenye chuo cha Jomo Kenyatta, na hufadhili Waafrika kwa uzamili na uzamivu. Nashangaa ni wangapi wanaohangaikia Ulaya bila kuwahi kuandika barua moja kwenda huko.

Juu ya mawakala sitasema mengi. Chuo cha umma cha Ujerumani hakiuzi nafasi, na wakala hana ufunguo wowote ambao wewe huna. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia huduma ya uni-assist, ambako ombi la kwanza ni euro 75 na kila linalofuata ni 30. Anayekudai mamilioni kwa kazi hiyo anakuuzia uvivu wako.

Lakini swali ambalo vijana hawajiulizi ni hili: unakwenda kujifunza nini, kwa nani? Mkenya Wangari Maathai alikwenda Giessen na München miaka ya 1960 kwa kuwa alikuwa akifanya kazi Nairobi chini ya profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyemhimiza akasome uzamivu kule. Akarudi, akapata uzamivu wake Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza kuupata katika Afrika Mashariki na Kati. Yeye aliifuata elimu mahali ilipokuwa. Wetu wengi leo wanatafuta kwanza nchi isiyo na ada, kisha programu yoyote itakayowapokea, na akili inakuja mwisho. Mhandisi wa maji anaishia kusoma usimamizi wa utalii!

Nanyi wazazi, neno dogo. Kijana anayesoma kwa euro 992 si mfanyakazi wa Ulaya. Msimpelekee orodha ya karo za wadogo zake na michango ya harusi kabla hajazoea hata baridi. Mitihani ya muhula wa kwanza huangukia Februari; akipiga simu mwezi huo muulizeni habari za mitihani, na bati za nyumba zingojee.