Mtu Mzima na Katuni za Farasi? Subiri Kwanza, Usicheke

Wadau, leo naleta mada ambayo najua nusu yenu mtaicheka kabla hamjafika aya ya tatu. Kuna watu wazima na ndevu zao, wana kazi, wana kodi ya nyumba ya kulipa, na bado wanakesha wakitunga nyimbo mpya kuhusu farasi wa pinki na zambarau wa kwenye katuni ya watoto. Na sio wimbo mmoja wa utani. Ni maelfu ya nyimbo, kwa zaidi ya miaka kumi sasa.

Chekeni, mkimaliza tuendelee. Maana msimamo wangu ni huu: hawa jamaa wanaochekwa wamejenga shule ya muziki isiyo na ada, isiyo na mlinzi getini na isiyouliza cheti. Sisi huku tunaojiona wajanja, shule hiyo hatuna.

Kwa asiyeijua, katuni yenyewe inaitwa My Little Pony: Friendship Is Magic. Ilianza kuoneshwa Marekani tarehe 10 Oktoba 2010. Nyuma yake kuna kampuni ya Hasbro, wale wa midoli, ambao farasi hao wadogo wamewauza tangu miaka ya 1980. Kazi ya kuisuka upya alipewa mama mmoja fundi wa katuni, Lauren Faust, na walengwa walikuwa watoto wa kike. Basi. Hakuna aliyepanga kwamba vijana wa kiume na watu wazima wataipenda.

Lakini waliipenda. Wakaanza kukusanyika mtandaoni, wakajiita "brony", na mwaka 2011 wakafanya mkutano wao wa kwanza New York, watu kama mia hivi. Mkutano wa mwisho wa BronyCon ulifanyika Baltimore mwaka 2019, na waliohudhuria walizidi elfu kumi. Kwa katuni ya farasi!

Sasa twende kwenye muziki, ndio hoja yangu. Katuni ile ilikuwa na nyimbo nzuri kweli, mtunzi wake akiwa Daniel Ingram. Mashabiki walianza kama tunavyoanza wote: kukopi. Mtu anachukua wimbo wa kwenye kipindi, anaupiga kwa gita chumbani kwake, anaurusha YouTube. Mwingine anachukua sauti ya mhusika, anaitupia biti. Kazi nyingi za mwanzo zilikuwa mbovu, tusidanganyane. Sauti inakwaruza, ngoma imezidi, muimbaji ameachwa na biti.

Ila hawakuishia kwenye kukopi, na hapo ndipo nilipowavulia kofia.

Chukua mfano wa Luna. Huyu ni binti mfalme wa usiku. Aliona wivu kwa sababu kila mtu anafurahia mchana wa dada yake, halafu usiku wake wanalala. Akaasi, na dada yake akamfungia mwezini miaka elfu moja. Msimu wa kwanza Luna alionekana kwenye vipindi viwili vya mwanzo tu, kisha kimya, mpaka msimu wa pili, Oktoba 2011, ndipo akarudi. Yaani mwaka mzima watu wanajiuliza: huyu dada alijisikiaje huko juu peke yake? Na yule dada mkubwa aliyemfungia, alikuwa analala kweli?

Katuni haikujibu. Mashabiki wakajibu kwa nyimbo. Zikatoka nyimbo za upweke, za majuto, za ndugu waliokosana. Shabiki mmoja alitunga wimbo wa kubembeleza ambao dada mkubwa anamwimbia mdogo wake aliyeko mwezini, na ukiusikiliza bila kujua habari za farasi utadhani mtu anamlilia ndugu yake wa damu. Nani kati yetu hajui familia ambayo ndugu wawili hawasalimiani? Hiyo sio mada ya kitoto hata kidogo.

Mfano wa pili. Katuni ilikuwa na DJ mmoja wa miwani myeusi aliyepita kwenye kipindi sekunde chache tu, na mpiga ala ya nyuzi aliyeonekana nyuma kwenye sherehe. Hawakupewa hata neno la kusema. Mashabiki wakawapa majina, Vinyl Scratch na Octavia, wakawapa tabia, wakaamua wanaishi nyumba moja na kila siku wanabishana: huyu anataka biti nzito, huyu anataka muziki wa ukumbini wa watu waliovaa suti. Maprodyuza wakaanza kutengeneza ngoma zinazochanganya vitu hivyo viwili, ili tu kuwapatanisha. Unajua kilichotokea? Juni 2015, kwenye kipindi cha 100, katuni yenyewe ikawaonesha wawili hao wanaishi pamoja na wanapiga muziki pamoja. Wenye katuni walichukua wazo la mashabiki. Kijiji kilimfundisha mfalme.

Mfano wa tatu ni wa kutoboa. Shabiki mmoja alitunga wimbo wa densi ya kasi kuhusu Discord, yule mhusika wa vurugu. Mwaka 2012 shabiki mwingine akaufanyia rimiksi, na rimiksi hiyo ikaja kusikilizwa mara makumi ya mamilioni, ikaufunika wimbo wa kwanza kabisa. Huyo wa rimiksi hakubaki kwenye farasi. Mwaka 2014 alitoa wimbo kuhusu mchezo mmoja wa kutisha wa kompyuta, ukalipuka dunia nzima, na leo muziki ndio kazi yake. Mkono alioutumia huko alikuwa ameunoa kwenye katuni mliyoicheka.

Kwa hiyo nikisema shule, simaanishi kimafumbo. Tazameni inavyofanya kazi.

Chipukizi yeyote ana matatizo matatu. La kwanza, hajui aimbe nini. Wao mada wanayo tayari, na kila msikilizaji anaielewa kabla wimbo haujaanza. La pili, hana wa kumsikiliza. Wao wana watu wanaoamka asubuhi na kutafuta nyimbo mpya za katuni ile, hata za mtu ambaye hajawahi kusikika. La tatu, hana wa kumrekebisha. Wao wanafanya kazi pamoja: huyu anaimba, yule anapiga gita, mwingine kule nchi nyingine anachanganya sauti, halafu wanatoa albamu za pamoja ambazo nyingi unaweza kuzipakua bure. Ndani yake unakuta roki, rap, densi, orkestra, kila kitu. Hakuna anayekuambia mtindo wako hauuzi, maana hakuna anayeuza.

Sasa najua wapinzani wangu mmeshaanza kuandika. Niwajibu kabisa.

Mnasema ni wizi wa kazi za watu. Hapa nawapa nusu ya alama. Wahusika ni mali ya kampuni, na ukichukua sauti zao kutoka kwenye kipindi umechukua kitu kisicho chako. Mwaka 2013 kuna kundi la mashabiki lililotengeneza mchezo wa mapigano wa kompyuta kwa kutumia farasi hao, wakapokea barua ya wanasheria kuwataka waache. Wakaacha. Lakini hawakufa. Lauren Faust mwenyewe akajitolea kuwachorea wahusika wapya kabisa, na mchezo ukaja kutoka kwa jina jingine, ukauzwa kihalali. Somo kwa wanamuziki ni hilo hilo. Jina la farasi wanaweza kukunyang'anya, ufundi wa mikono yako hawawezi. Ndio maana nawaheshimu zaidi wale wanaotunga melodi yao na maneno yao, wakaazima hadithi tu.

Mnasema hakuna hela. Kweli, kwa wengi hakuna. Wengi wao watabaki na kazi zao za mchana. Ila niwaulize, wale vijana wa kitaani kwetu wanaolipa studio kwa hela ya kukopa, wanatoa ngoma moja, haichezwi popote, wanaacha muziki wakiwa na miaka 22, wao hela iko wapi? Bora anayejifunza bure akiwa na wasikilizaji mia mbili kuliko anayelipa na hana hata mmoja.

Mnasema mtu mzima atafute vitu vya kiutu uzima. Hapa ndio siwaelewi kabisa. Mzee mwenye miaka 50 akilia kwa sababu timu yake imefungwa, mnampa pole. Wanaume wanapigana vibao kwa ajili ya wachezaji wasiowajua hata kwa salamu. Lakini mtu aliyetunga wimbo kuhusu ndugu wawili kupatana, kisa ndugu wenyewe ni farasi, huyo ndiye hana akili?

Katuni ile iliisha Oktoba 2019, baada ya misimu 9. Wengi walitabiri muziki utazikwa nayo. Haukuzikwa. Nyimbo mpya bado zinatoka, na baadhi ya wanaozitunga walikuwa watoto wadogo kipindi kinaanza. Kiukweli, ingekuwa ni farasi tu wangeshachoka. Kinachowabakiza ni kwamba kuna mahali unapeleka kazi yako usiku, na asubuhi unakuta mtu ameisikiliza mpaka mwisho.

Na hapo ndipo panaponiuma. Bongo hii kuna madogo kibao wanaopenda katuni za Kijapani, wanajifunza kutengeneza biti kwenye simu na kompyuta za kuazima. Dogo akituma kionjo kwenye kundi la WhatsApp, jibu la kwanza ni vikatuni vya kucheka. La pili, "acha muziki kauze maji." Hakuna la tatu, maana dogo ameshafuta. Tunalalamika wasanii wote wanafanana, wote wanaimba mapenzi na pombe, wakati yule aliyetaka kuimba kitu kingine tulimzima akiwa na wimbo wake wa kwanza.

Sisemi msifie kila kitu. Wimbo mbovu ni mbovu. Lakini kuna tofauti ya kumwambia mtu "sauti yako inazama, ipandishe kidogo halafu nitumie tena" na kumwambia aache. Hilo neno "nitumie tena" ndilo lililojenga shule ya wale jamaa wa farasi. Halina gharama.

Kwa hiyo naomba wiki hii kila mdau asikilize wimbo mmoja wa chipukizi anayemjua, mpaka mwisho, hata kama ni wa Naruto, kisha amwambie kitu kimoja kilichokaa sawa na kimoja cha kurekebisha. Mkishafanya, njooni mniambie hapo chini alijibu nini. Wa kuniponda kuhusu farasi nanyi karibuni, ila mje na hoja.