Auzaye Kipya na Apokee Kikuukuu

Kuna runinga moja iliyonifunza mengi zaidi ilipokufa kuliko ilipokuwa hai. Ilikuwa ya zamani, ile yenye kichogo kirefu, na ilitutumikia nyumbani kwa miaka mingi hadi siku fundi wa mtaani alipotikisa kichwa na kufunga mkoba wake. Nilikwenda katika duka moja la vifaa vya umeme hapa mjini Kakamega kununua nyingine. Baada ya kulipa, nikamwuliza muuzaji kama angekubali kuichukua ile mbovu, hata bila kunipunguzia bei. Alinitazama kwa mshangao usio na kejeli. "Daktari," akasema kwa adabu, "sisi hapa huuza tu. Mambo ya vitu vibovu hatuna."

Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Ile runinga ikakaa barazani miezi kadhaa, hadi alipopita kijana mmoja wa vyuma vikuukuu na mkokoteni wake. Alinipa shilingi hamsini, tukaagana kwa furaha. Siku ya pili yake nikaikuta kando ya mtaro, si mbali na kwangu. Kijana alikuwa ameipasua, akatoa shaba na chuma, na kuacha vilivyosalia matopeni. Watoto watatu waliovaa sare za shule walikuwa wakikusanya vigae vya kioo chake na kuvitazamia jua.

Walimu wenzangu wa sayansi wataelewa kwa nini moyo ulinienda mbio. Kioo cha runinga za aina ile kina madini ya risasi, yaliyotiwa humo ili kuzuia miali isimfikie mtazamaji. Maadamu kioo ni kizima, risasi hiyo haimdhuru mtu. Kikivunjwavunjwa na kuachwa mvuani, ni jambo jingine. Taa za mirija zina zebaki. Baadhi ya betri zina kadimi. Majokofu ya zamani yana gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. Na nyaya zikichomwa ili shaba ipatikane, moshi wa plastiki yake ni sumu kwa anayeuvuta. Risasi huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiwango kidogo, na anayeathirika hivyo ndiye yule tutakayemlaumu darasani kwamba hashiki anachofundishwa.

Basi ni nani aliyekosea? Mimi niliyeuza kwa shilingi hamsini? Kijana aliyekuwa akitafuta riziki? Au muuzaji asiyekuwa na "mambo ya vitu vibovu"?

Sheria ya nchi imejaribu kujibu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 iliweka kanuni kwamba anayeingiza bidhaa sokoni awajibike hadi mwisho wa maisha ya bidhaa hiyo. Mwaka 2024 zikafuata kanuni za utekelezaji. Wazalishaji na waagizaji wanatakiwa kujisajili na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na kugharimia ukusanyaji na uchakataji wa kile walichouza, ama kila mmoja kivyake ama kupitia mashirika ya pamoja. Ni sheria njema, na waliyoitunga wanastahili shukrani.

Lakini tazama inavyomfikia mkazi wa Lurambi au Shinyalu. Mtengenezaji wa runinga yangu yuko Asia. Mwagizaji wake yuko Nairobi au Mombasa, na sijui jina lake. Vituo vinavyojua kuvunja vifaa hivi kwa usalama viko hasa jijini Nairobi na viunga vyake, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa. Katika mlolongo huo wote, mtu mmoja tu ndiye ninayemjua kwa sura, mwenye mlango ninaoweza kuubisha, naye ni mwenye duka. Sheria iliyomwelekea zaidi mwagizaji na kumgusa muuzaji kwa mbali ni mfano wa nyumba nzuri isiyo na mlango upande wetu.

Wapo watakaosema kwamba muuzaji hahusiki, kwa kuwa yeye ni mpitishaji tu. Hapa naomba radhi nirejelee taaluma yangu kidogo. Katika Kiluhya, *khukula* ni kununua, na *khukusia* ni kuuza. Kitenzi cha pili kimezaliwa na cha kwanza kwa kiambishi cha usababishi. Hata kitenzi chetu cha Kiswahili "uza" kina asili hiyo hiyo ya Kibantu. Kwa wazee walioziunda lugha hizi, kuuza hakukuwa kupitisha tu. Kulikuwa kumfanya mtu anunue. Najua kwamba asili ya neno haiwi hoja mahakamani, na mwanafunzi wangu akiandika hivyo katika mtihani nitamkata alama. Hata hivyo, wazee waliona jambo ambalo matangazo ya biashara huthibitisha kila siku. Anayenishawishi kwa bango, kwa punguzo la bei na kwa malipo ya polepole ana sehemu katika ununuzi wangu. Mwenye sehemu katika ununuzi hawezi kukosa sehemu katika yatokanayo.

Wenzetu waliliona hili zamani. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2002 iliyorekebishwa mwaka 2012, uliwataka wauzaji wapokee bila malipo kifaa kikuukuu wanapouza kipya cha aina ile ile, yaani kimoja kwa kimoja. Maduka yenye eneo la kuuzia vifaa vya umeme la mita za mraba 400 au zaidi yanatakiwa kupokea vifaa vidogo, visivyozidi sentimita 25, hata kutoka kwa mtu asiyenunua chochote. Uingereza iliwaruhusu wauzaji kulipa ada katika mfuko wa pamoja badala ya kupokea vifaa dukani. Tangu mwaka 2021 wauzaji wakubwa hawaruhusiwi tena kujificha nyuma ya ada hiyo, lazima wapokee. Japani nayo, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2001, humtoza mwenye kifaa anapokitoa, na muuzaji ndiye anayekipokea.

Katika mifano hiyo mna swali la ada, na hapo ndipo palipo na moto kwetu. Hatujasahau kwamba Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulikuwa na ada ya mazingira juu ya bidhaa nyingi, simu na vifaa vya umeme vikiwemo. Vijana waliupinga mswada huo barabarani, damu ikamwagika tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wengi wa vijana hao walikuwa wanafunzi wetu. Nisingependa mtu anifahamu kwamba nataka kuwarudishia kwa mlango wa nyuma kile walichokikataa kwa mlango wa mbele.

Kwa maoni yangu, walichokikataa vijana kilikuwa ada isiyo na risiti. Waliambiwa walipe kwa ajili ya mazingira, lakini hakuna aliyewaonyesha ni wapi wangepeleka simu ikifa, wala ni nani angeipokea. Mwananchi wa Kenya huilipa ada akiona inakokwenda. Hulipia choo cha stendi bila kunung'unika kwa sababu choo kipo. Ada ikitangulia na huduma isifuate, ataiita kodi, na hatakuwa amekosea.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kanuni ziongezewe kifungu kilicho wazi: auzaye kipya apokee kikuukuu cha aina ile ile, papo hapo, bila kumtoza mteja chochote siku hiyo. Tukimtoza mtu wakati wa kutupa, tutakuwa tumemlipa ili aende mtaroni usiku. Gharama iwe imo ndani ya bei ya kununulia, nayo ichapishwe peke yake kwenye risiti, mnunuzi aione kwa macho yake.

Pili, sehemu ya fedha hizo imrudie muuzaji, kwa kuwa anahitaji nafasi ya kuhifadhi na nauli ya kusafirisha. Mwenye kibanda cha simu hawezi kubebeshwa mzigo sawa na mwenye duka la ghorofa. Wadogo waruhusiwe kuungana na kutumia ghala moja. Serikali ya kaunti, ambayo Katiba imeikabidhi kazi ya kuzoa taka, itoe eneo lake. Si ndoto: tayari kampuni kadhaa za simu zimeweka mapipa ya kukusanyia vifaa katika baadhi ya maduka yao.

Tatu, yule kijana wa mkokoteni asifukuzwe. Yeye hufika pasipofika lori lolote la serikali. Alipwe kwa kuleta kifaa kizima, na alipwe zaidi ya anachopata kwa kukipasua. Mtaona jinsi atakavyokibeba kama yai.

Anayedhani natia chumvi na akumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Huko kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, katikati ya makazi ya watu. Nacho pia kilikuwa "uchakataji". Watoto waliugua, watu wakafa, na Bi. Phyllis Omido akasimama kuwatetea wanakijiji. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, ndipo Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Betri moja ingegharimu shilingi ngapi kuchakatwa vizuri? Chochote kile, hakiwezi kulingana na bilioni hizo, sembuse kaburi moja la mtoto.

Nawageukia sasa walimu, maana jambo hili liko mlangoni mwenu. Tangu mwaka 2016 serikali imegawa zaidi ya vifaa milioni moja vya kidijitali katika shule za msingi. Vingi vimezeeka. Viko stoo, vimefungwa ndani ya makabati ya chuma, betri zake zikifura. Mwalimu mkuu hawezi kuvitupa, kwa kuwa ni mali ya umma na ipo sheria ya mwaka 2015 inayoongoza uondoaji wa mali hiyo. Hawezi kuvitumia pia, kwa kuwa vimekufa. Laiti mkataba wa kuvinunua ungekuwa na sentensi moja tu iliyomlazimu muuzaji kuja kuvichukua vikiharibika! Vifaa vingine vitanunuliwa, na mikataba mingine itaandikwa. Bodi za shule na ziidai sentensi hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Nanyi wanafunzi, mtakapokwenda kununua simu, mwulizeni mwenye duka swali lile lile nililouliza mimi: "Je, hii ikifa, mtaipokea?" Akiulizwa na mmoja atashangaa, kama alivyonishangaa mimi. Akiulizwa na mia, atampigia simu mwagizaji wake jioni hiyo hiyo.

Wale watoto watatu niliwanyang'anya vigae vyao, wakalia. Nilivifunga ndani ya gazeti, nikavitia ndani ya ndoo, nikafunika. Ndoo hiyo ingali barazani kwangu. Sijapata bado mlango wa kuupelekea.