Jengeni Kwanza, Mtatembea Lini?

Jumapili moja, tukiwa bado tunanawa mikono, shangazi alimgeukia mke wangu na swali alilokuwa amelibana tangu tuingie: "Mwanangu, ni kweli kiinua mgongo chote mmekimalizia barabarani?" Baba mdogo hakusubiri jibu. "Kiwanja mnacho tangu 2017, hata msingi hakuna. Mtu mzima anajenga kwanza. Kutembea kupo tu."

Sikumjibu. Ni mdogo wa marehemu baba yangu, na kwetu baba mdogo hajibiwi mezani. Lakini kauli ile si yake peke yake. Nimeisikia kwa mabosi, kwa wazee wa kanisa, kwenye vikao vya harusi, hata kwa vijana wa miaka 24 ambao bado wanalala kwa wazazi wao. Jengeni kwanza. Hutamkwa kama amri iliyoshuka kutoka mlimani, na hakuna anayethubutu kuuliza nani aliiandika. Mimi nasema ni ushauri mbaya. Unawanyang'anya wanandoa wa nchi hii miaka yao ya nguvu, na wanaoutoa wanaamini wanatupenda.

Kosa letu ni hili. Mkataba wangu wa kazi wa miaka mitatu ulipokwisha, nililipwa kiinua mgongo. Mke wangu ni fundi cherehani. Akafunga kibanda, funguo akamwachia mwenzake. Tukavaa mabegi mgongoni, tukapanda treni ya Tazara pale Dar es Salaam, na kwa wiki tisa tukazunguka nchi tano: Zambia, Botswana, Zimbabwe, Msumbiji na Malawi, hadi tukarudi nyumbani kwa mpaka wa Songwe. Ndege hatukupanda hata mara moja. Tulilala gesti za pembeni mwa stendi, tukafua kwenye beseni, tukala wanachokula wenyeji. Wala hatukuomba viza. Mtanzania mwenye pasipoti huingia nchi hizo zote tano bila viza. Kinachotakiwa ni muhuri wa mpakani na kile cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho ukikisahau nyumbani unaweza kurudishwa ulikotoka.

Tuliporudi nilikaa na fundi ujenzi tukapiga hesabu. Fedha ile ingeishia kwenye msingi na kozi nne tano za tofali. Basi. Leo ningekuwa na pagale.

Na mapagale tunayajua. Panda daladala ya kwenda Chanika au Kibamba uangalie dirishani: boma limesimama bila bati, nondo zimeshika kutu, mpapai umeota sebuleni na unazaa. Sidharau. Najua kila tofali pale limetoka kwenye mshahara wa mtu, na mimi mwenyewe nitajenga. Ninachopinga ni hilo neno "kwanza". Kwetu watu wengi hawajengi kwa mkopo wa nyumba. Wanajenga kwa kudunduliza, mfuko wa saruji mwezi huu, tripu ya mchanga mwezi ujao, ada ya shule ikiingia kazi inasimama mwaka mzima. Nyumba ya namna hiyo huchukua miaka 15, 20, wengine 30. Ukishasema "kwanza" kwa kitu cha miaka 30, umeshasema kila kingine hakitakuwepo.

Tena wanaotuambia hivyo hawana uchungu na fedha kama wanavyodai. Mwaka uliotangulia safari yetu, kamati ya harusi ya binamu yangu ilikaa vikao karibu kila Jumamosi kwa miezi minne. Tulichangia sendofu, tukachangia kicheni pati, tukachangia harusi yenyewe. Ukumbi, mapambo, keki ya ghorofa, mshereheshaji, magari, suti za sare, vyakula ambavyo nusu yake vilibaki kwenye sinia. Usiku mmoja tu. Saa saba za usiku wapishi walikuwa wanasukuma masufuria kwenye kirikuu, na maharusi walirudi kwenye chumba cha kupanga huko Tabata. Baba mdogo alikuwa mweka hazina wa kamati ile. Hakusimama hata siku moja kusema, "Jamani, hawa watoto wajengeeni kwanza." Fedha ya kuonwa na watu mia tatu ukumbini ni heshima, lakini mume na mke wakiitumia kuona dunia wawili tu, bila shahidi, inaitwa kufuja.

Nimesema ni mdogo wa baba yangu. Sasa nimseme baba.

Mwaka 1971 baba alikuwa kijana wa miaka 19. Aliajiriwa kibarua kwenye ujenzi wa Tazara, kipande cha Mlimba kwenda Makambako, kule ambako mabonde yalivukwa kwa madaraja marefu na milima ikatobolewa. Wachina, Watanzania na Wazambia waliianza kazi ile 1970 na reli ikakamilika 1975: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, madaraja 320, mahandaki 22. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa na kovu la jiwe la huko. Alilionyesha kila mgeni. Na kila alipolionyesha alimalizia kwa maneno yaleyale: "Nikimaliza nyumba, nampakia mama yenu kwenye behewa, tunakwenda mpaka inapoishia."

Nyumba aliianza 1984. Alikuwa na watoto sita na mshahara wa karani. Alistaafu 2012, kiinua mgongo chake kikanunua bati, milango na vigae vya sebuleni, na mwaka uliofuata akahamia. Wakati huo sukari ilikuwa imeshamshika miguu. Safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi barazani. Tulimzika 2016, hatua chache kutoka kwenye ukuta aliohangaika nao miaka 29. Nyumba ina vyumba vinne. Mama analala kimoja, vitatu vimefungwa kwa kufuli.

Tulipofika New Kapiri Mposhi nilishuka na begi langu, nikanunua laini ya simu ya huko, nikampigia mama. Akaniuliza kukoje. Nikamwambia ni kituo tu, watu wengi, mizigo mingi, Kibemba kila upande na Kiswahili hapa na pale. Akauliza kama kweli reli inaishia pale. Nikasema ya Tazara inaishia pale, kuelekea Lusaka tunachukua basi. Alikaa kimya muda, halafu akasema, "Sawa, mmeona." Mke wangu aliniona nalia, akachukua begi langu akalivaa kifuani, la kwake mgongoni, akanitangulia kwenda stendi. Nani atanikalisha mezani aniambie kwamba siku ile ilistahili kubadilishwa na kozi nne za tofali?

Ipo hoja ya pili, nayo huja ya kwanza inapokwisha: kwamba kubeba mabegi na kuzurura ni mambo ya Wazungu. Tena matajiri. Hoja hii inanikera zaidi kwa sababu inatufuta sisi wenyewe kwenye historia yetu. Neno lenyewe "safari" dunia imeliazima kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakishuka pwani karne ya 19 walitembea miezi, na wake zao wengi waliongozana nao, na vyungu na vyakula vya njiani. David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, wenzake wa safari waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kila mtoto wa shule anawajua Chuma na Susi. Wachache wanajua kwamba msafara ule ulikuwa na wanandoa, Halima aliyekuwa mpishi na mumewe Amoda. Ramani ilichukua jina la bwana mkubwa wao. Miguu ilikuwa ya kina Halima. Na mwaka 1896 Salim bin Abakari alikwenda Urusi hadi Siberia, akiwa mtumishi wa Mjerumani, kisha akayasimulia aliyoyaona huko kwa Kiswahili. Habari zake zilichapwa Göttingen mwaka 1901. Siberia, kwa Kiswahili, kabla babu zetu wengi hawajazaliwa.

Kuhusu utajiri, hata hao Wazungu wenyewe hawakuanza nao. Tony na Maureen Wheeler, mume na mke, waliondoka London 1972 na gari kuukuu, wakaliuza Kabul, wakaendelea kupitia Asia hadi Australia. Walifika Sydney wamebakiwa na senti 27. Kijitabu walichoandika mwaka uliofuata kuhusu njia ile ndicho kilichozaa vitabu vya safari vya Lonely Planet. Walikuwa vijana waliooana mwaka mmoja tu nyuma, na nyumba hawakuwa nayo.

Watu wengine wapole zaidi hutuuliza, "Sasa mmeleta nini?" Wanataka niwaambie mke wangu alijifunza mishono ya vitenge Lusaka, wateja wameongezeka, safari imejilipa. Sitawapa jibu hilo, hata kama chembe yake ni kweli. Kitu kizuri hakihitaji risiti.

Lakini naweza kusema nilichokiona. Huko Francistown tuligombana kuhusu fedha, ugomvi mkubwa kuliko wote wa ndoa yetu, noti za pula zimetandazwa kitandani na daftari la matumizi katikati. Pula kwa Kitswana ni mvua. Tulikuwa tunagombea mvua. Nyumbani ningetoka nikaenda kijiweni, yeye angekwenda kwa dada yake, na jambo lingefukiwa kama mengine yalivyofukiwa miaka sita. Pale hapakuwa na kijiwe wala dada. Tulikaa mpaka saa nane usiku tukalimaliza. Ndoa za mjini zina vikao vingi vya kusuluhishwa na watu, ila nafasi ya wawili kukaa wakasikilizana haipo. Anarudi huyu, anaondoka yule, katikati kuna foleni na televisheni.

Na nilikiona Karonga, siku mbili kabla hatujavuka kurudi. Mke wangu asili yake ni Kyela lakini amekulia Temeke, na Kinyakyusa alichonacho ni cha bibi yake, maneno ya jikoni. Pale sokoni mama mmoja mzee alikuwa anauza usipa, vidagaa vya ziwani, kwa kikombe. Mke wangu alipopokea kifurushi akasema bila kufikiri, "Ndaga." Yule mama akainua uso. Akamjibu kwa Kyangonde, ndugu wa Kinyakyusa, haraka haraka, na mke wangu akaelewa. Nchi nyingine, bendera nyingine, na lugha ya bibi yake. Yule mama alimshika mkono, akauchunguza kama anatafuta alama ya ukoo, kisha akaongeza kikombe cha pili akakataa kulipwa. Tangu Zambia tulikuwa tumekula ugali kwa majina yake yote, nshima, phaleche, sadza, xima na nsima. Tangu Lilongwe tulikuwa tumesikia nyumba ni nyumba, njala ni njala. Lakini ni Karonga ambapo niliona uso wa mke wangu ukifunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona katika miaka sita ya kuishi naye.

Shangazi alisema namtesa mtoto wa watu kwa kumbebesha begi. Amuulize mwenyewe.

Simwambii kila mtu aondoke kesho. Mwenye mgonjwa nyumbani akae na mgonjwa wake. Mwenye mkopo alipe, na asikope ili atembee, maana deni la starehe ni chungu. Wala sijasahau kwamba kuna nchi ambazo pasipoti zetu hupokelewa kwa dharau. Ubalozini unaulizwa taarifa za benki za miezi sita kana kwamba umekwenda kuomba kazi ya kuhesabu fedha. Ndiyo maana nasema tuanze na majirani, ambao mlango wao uko wazi na hatuupiti. Daraja la Kazungula, linalounganisha Zambia na Botswana juu ya Zambezi, limefunguliwa tangu 2021. Tulilivuka tukiwa na madereva wa malori na akina mama wa biashara. Maharusi hatukuwaona.

Kwa hiyo kwa kijana na binti ambao kamati yao inaanza kukaa mwezi huu, naomba neno moja. Mkishaorodhesha ukumbi, keki na magari, ongezeni mstari mmoja, na mwenyekiti akicheka msiufute. Pasipoti ya kawaida ya Tanzania ni shilingi 150,000. Mbili ni 300,000, na zinadumu miaka 10.