Usiseme "kuleni maganda", sema ganda la nini

KISENGE, Lualaba – Ushauri wa kula maganda ya matunda umefika mpaka huku. Unaanzia kwenye simu, unapita redioni, unaishia sokoni: usitupe ganda, ganda lina vitamini, ganda ni chakula. Wanaousema wana nia njema. Wanaoucheka nao wapo. Kwao ganda ni la mbuzi, na anayelila ni mtu aliyeishiwa kabisa. Pande hizi mbili zinabishana, lakini kosa lao ni moja. Zote zinasema "maganda" kana kwamba ni kitu kimoja.

Nyuma ya soko, katika jaa lile lile, kuna ganda la embe, la nanasi, la ndizi, la avoka na la muhogo. Moja linaweza kuongeza vitamini kwenye uji wa mtoto. Jingine limebeba sumu ile ile inayolemaza miguu ya watoto kule Kwango. Anayewaambia watu wenye njaa "kuleni maganda" bila kutaja ganda la nini amewaachia wajaribu wenyewe, na wa kwanza kujaribu ni yule ambaye sufuria yake haina kitu.

Wanaocheka wajibiwe kwanza, maana aibu nayo inapoteza chakula. Maji ya tangawizi yanayouzwa kwenye chupa sokoni, wamama wengi huyachemsha pamoja na maganda ya nanasi ili yapate ladha na utamu. Mwenye kucheka ameshakunywa ganda mara nyingi na akaomba chupa ya pili. Pera huliwa na ganda lake, na vitamini C nyingi ya pera iko huko huko nje. Nyanya hakuna anayeimenya, bilinganya vilevile. Kule Mexico maganda ya nanasi huachwa ndani ya maji yenye sukari siku chache yachachuke, yakawa kinywaji kiitwacho tepache. Huko India, katika majimbo ya Bengal na Kerala, ganda la ndizi mbichi huchemshwa, hukatwakatwa na kupikwa kwa viungo kama mboga nyingine yoyote. Hawa si watu walioishiwa. Ni watu waliojifunza ganda moja moja: hili linapikwa hivi, lile linaachwa.

Kwa hiyo ganda la embe lililooshwa vizuri ni chakula. Lina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, na lina vitamini. Utomvu unaotoka kwenye kikonyo ndio wa kuogopa: uoshwe wote, na mtu anayewashwa midomo akila embe aliache ganda lake. Ganda la nanasi lichemshwe, maji yanywewe, makapi yatolewe. Ganda la ndizi lichemshwe mpaka lilainike, likatwe vipande vidogo, likaangwe na kitunguu na chumvi. Ganda la kiazi kitamu likioshwa udongo wote linaweza kupikwa na kiazi chake. Hapo hakuna aibu yoyote, na mama anayefanya hivyo anatumia vizuri franka alizolipa.

Lakini muhogo ni habari nyingine.

Mtu atasema muhogo si tunda, kwa hiyo ushauri wa maganda ya matunda haukuuhusu. Aliyeshiba ndiye mwenye nafasi ya kutenganisha hivyo. Katika nyumba inayokula bukari ya mihogo, ganda linalojaa kuliko yote ni la muhogo. Mama akisikia "ganda lina vitamini, usitupe", ganda lililo mbele ya macho yake ni hilo. Na ganda la muhogo lina kitu kinachogeuka kuwa sianidi, sumu kali, kwa kiasi kikubwa kuliko nyama ya muhogo wenyewe. Hata muhogo mtamu, ule unaochemshwa na kuliwa mchana huo huo, ganda lake si la kuliwa. Mbuzi wenyewe wakilila kwa wingi likiwa bichi wanaweza kufa. Nchini Nigeria watafiti wa IITA na ILRI wanaligeuza kuwa chakula cha mifugo, lakini kwanza linasagwa, linakamuliwa maji na kukaushwa. Hiyo ni kazi ya mashine na jua, na mwisho wake ni mifugo. Haikusudiwi sufuria ya mtoto.

Kongo inaijua sumu hii kwa jina. Ugonjwa unaitwa konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, mkoa ambao nao unapakana na Angola kama Lualaba. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haponi tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Chanzo chake ni kula kwa wiki nyingi muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, huku mwili ukikosa protini.

Na haukubaki Kwango. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwalemaza watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ulitokea Tarime, kaskazini mwa Tanzania. Mwezi wa Septemba 2017, huko Kasese, Uganda, jirani kabisa na mpaka wa Kongo, unga wa muhogo wenye sianidi uliwapa watu 98 sumu ya ghafla, na wawili wakafa. Katika Bandundu ya zamani watafiti waligundua jambo ambalo kila mama wa Lualaba atalielewa upesi: wauzaji waliokuwa na haraka ya kupeleka mihogo Kinshasa walipunguza siku za kuiloweka, na sumu ikabaki ndani. Haraka na njaa vilitosha. Haikuhitajika mtu mbaya.

Sasa itazamwe familia iliyohama makwao. Kisenge inawajua watu wa namna hiyo: iliwahi kuwa na kambi ya wakimbizi wa Angola, na vita vya Kasai vya mwaka 2016 na 2017 viliwang'oa makwao watu zaidi ya milioni 1. Familia iliyokimbia haina shamba, kwa hiyo inanunua unga bila kujua mihogo yake ililala majini usiku mmoja au mitatu. Haina pipa la kulowekea. Makala ni ya kununua, maji ni ya kupanga mstari. Samaki na maharage vinaonekana sokoni tu. Masharti yote ya konzo yamekusanyika chini ya turubai moja. Kuja hapo na wimbo wa "ganda ni chakula", bila kusema muhogo umo au haumo, ni kucheza na miguu ya watoto wa watu.

Kuna jambo jingine ambalo wahubiri wa maganda hawalisemi. Mwili hujitetea dhidi ya sianidi, na silaha yake inatoka kwenye protini: maharage, karanga, samaki, nyama, maziwa. Ganda la embe halina hiyo. Lina nyuzinyuzi na vitamini, basi. Halimshibishi mtu, halimjengi, halimkingi na konzo. Ganda ni nyongeza ya chakula kilichopo. Mahali ambapo chakula hakipo, ganda linabaki ganda.

Halafu kuna vumbi. Hapa ni nchi ya migodi. Kisenge iliishi kwa manganizi, na manganizi ile ilibaki imerundikwa baada ya vita vya Angola kuifunga reli ya Benguela mwaka 1975. Upande wa Kolwezi ni shaba na kobalti, na malori hayapumziki. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha walichokuta: kobalti nyingi mno katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Baadaye vumbi na mboga zilizolimwa karibu na viwanda vikatajwa kati ya njia zinazoiingiza mwilini. Tunda lililoanikwa kando ya barabara linapokea vumbi kwenye ganda kabla ya mahali pengine popote. Anayemenya analitupa vumbi pamoja na ganda. Anayekula ganda analila, asipoosha.

Kwa hiyo kuosha ni sehemu ya mapishi, na maji ni sehemu ya gharama. Beseni moja la maji lililooshea matunda ya watu kumi halisafishi kitu, na katika jimbo linaloijua kolera, ganda lililookotwa chini sokoni si la kupeleka mdomoni hata likitoka kwenye embe zuri namna gani. Machungwa na matofaa yanayoletwa kutoka mbali nayo hupakwa nta na dawa ya kuzuia kuoza ili yafike yaking'aa. Ganda la embe la mti wa jirani na ganda la chungwa lililosafiri wiki nzima si ndugu.

Liko pia swali la nani anamfundisha nani kutotupa chakula. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilihesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula majumbani, katika mikahawa na madukani. Hesabu hiyo inachanganya chakula chenyewe na maganda na mifupa. Mwezi wa Machi 2025 tathmini ya IPC ikasema watu milioni 28 wa Kongo wana njaa kali. Mama mwenye watoto watano chini ya turubai hayumo katika kundi la wanaotupa. Yeye alishajifunza kutotupa siku alipokimbia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo maana anamfundisha kula ganda badala ya kumuuliza mgao wake uko wapi.

Na chakula kinachopotea Kisenge kwa wingi si ganda. Ni embe zima. Mvua zinapoanza, miti inazaa kuliko vinywa vilivyopo, maembe yanadondoka, yanapasuka, nzi wanayamaliza. Barabara imekufa kwa matope, na hakuna mahali pa kuyakausha wala kuyasindika. Miezi michache baadaye watoto wale wale hawana tunda lolote. Mtu anayetaka kweli kupunguza upotevu aanzie hapo: vitambaa safi, meza za kukaushia juani chini ya wavu, na mtu wa kuwaonyesha wamama jinsi ya kukata embe jembamba likauke kabla halijaoza. Ganda litakuja nyuma yake lenyewe, likiwa limeoshwa pamoja na embe lake.

Basi ni nini kifanyike kesho, si mwaka ujao? Kila anayeshika maiki, anayeongoza mkutano kanisani, anayefundisha wamama kwenye kituo cha afya au anayetuma ujumbe kwenye simu, aache neno "maganda". Ataje jina. Embe: osha vizuri, toa utomvu, kula. Pera: osha, kula lote. Nanasi: chemsha, kunywa maji yake. Ndizi: chemsha, kaanga. Kiazi kitamu: osha udongo, pika. Kiazi cha kizungu chenye ganda la kijani: menya, tupa hilo ganda. Avoka: tupa ganda. Chungwa na tofaa la kutoka mbali: menya. Muhogo: ganda lisiliwe kamwe, liwe la mtamu au la mchungu, na mbuzi wasipewe likiwa bichi.

Kwa unga wa muhogo usiojulikana umelowekwa vipi, iko njia iliyofundishwa Kahemba, katika mkoa huo huo wa Kwango, na haihitaji dawa wala mashine. Unga unachanganywa na maji mpaka ulowane wote, unatandazwa mwembamba juu ya mkeka au turubai safi, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka na hewa. Kisha bukari inapikwa siku hiyo hiyo. Njia hii ni ya unga tu. Haigeuzi ganda la muhogo kuwa chakula.

Na wanaogawa msaada wasije na karatasi ya mapishi ya maganda kabla ya gunia la maharage. Maharage yafike, maji yafike, halafu mazungumzo ya ganda la embe yaanze. Wamama watasikiliza vizuri, wataongeza na yao, kwa sababu kuhusu kutotupa wanajua zaidi ya anayewafundisha.