Kazi mradi shuleni: Alama pekee haitoshi, mwanafunzi apewe nafasi ya kutafakari

Mwisho wa muhula, ofisi za walimu katika shule nyingi hujaa kazi za mikono za wanafunzi: majiko ya udongo, vikapu, mifagio, sabuni za maji na mifano ya nyumba iliyotengenezwa kwa maboksi. Kazi hizo hukaguliwa, hupewa alama, kisha huwekwa kando. Jambo ambalo alama hiyo haielezi ni iwapo mwanafunzi anajua kwa nini jiko lake lilipasuka, au angebadili nini kama angepewa nafasi ya kulijenga upya.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika kipindi hiki. Utekelezaji wa mitaala iliyoboreshwa, inayotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, ulianza kwa awamu Januari 2024. Mitaala hiyo inasisitiza ujenzi wa umahiri, yaani uwezo wa mwanafunzi kuyatumia maarifa anayoyapata, na katika ngazi ya sekondari imeweka mkondo wa amali sambamba na mkondo wa elimu ya jumla. Aidha, katika mtihani wa kidato cha nne, upimaji endelevu huchangia asilimia 30 ya alama za mwisho za mtahiniwa wa shule, na mtihani wenyewe asilimia 70. Kazi mradi ni miongoni mwa vipengele vya upimaji huo.

Mahali popote ambapo alama hutolewa, hutokea kishawishi cha kuitafuta kwa njia ya mkato. Mzazi mwenye uwezo anaweza kumlipa fundi aunde kifaa, au akakikamilisha mwenyewe usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Kifaa hupendeza, alama huwa nzuri, na mtoto hurudi darasani akiwa hajajifunza lolote. Anayeumia zaidi ni mwenzake aliyehangaika peke yake, akatengeneza kitu chenye kasoro, lakini akajifunza mengi ambayo hakuna aliyemuuliza.

Mfano wa bustani ya mchicha unaeleza hali hiyo vizuri. Kundi la wanafunzi wa kidato cha pili linaweza kuandaa matuta mawili, moja likawekwa mbolea ya samadi na jingine likaachwa bila mbolea, likitarajia tuta la kwanza listawi zaidi. Iwapo samadi hiyo ni mbichi, miche ya tuta la kwanza inaweza kuungua na kunyauka. Mwalimu anayepima mavuno pekee atatoa alama ndogo na kuendelea na somo. Mwalimu anayewauliza wanafunzi walitarajia nini, waliona nini na wanadhani sababu ni ipi, atawafikisha kwenye somo la kuoza kwa mbolea, joto linalotokana na uozaji huo na umuhimu wa kusubiri. Mradi ulioshindwa kwa mavuno unakuwa umefanikiwa kwa elimu.

Fikra hiyo si ngeni nchini. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, na kinachofundishwa darasani kuhusu mbolea kionekane shambani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisisitiza kuwa kazi na mwenendo wa mwanafunzi navyo vizingatiwe katika kumpima, badala ya kutegemea mtihani wa mwisho pekee. Hata hivyo, katika baadhi ya shule kazi za shamba ziligeuka kuwa kulima tu. Majembe yalishikwa, mazao yakavunwa, lakini mazungumzo ya kuunganisha jembe na daftari hayakufanyika. Hilo ndilo funzo ambalo utekelezaji wa sasa hauna budi kulizingatia.

Tafakuri inayozungumziwa hapa si kujisifu wala kujilaumu. Ni mwanafunzi kuirudia kazi yake kwa akili, hatua kwa hatua, ili atambue alichokifanya na sababu ya matokeo aliyoyapata. Walimu wa Tanzania wanaifahamu dhana hiyo, kwa kuwa tafakuri imekuwa mojawapo ya hatua za andalio la somo walilolitumia kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba hatua hiyo huwa karibu na mwisho wa kipindi, na kengele inapokaribia ndiyo ya kwanza kurukwa.

Katika kazi mradi, maswali manne yanatosha kuanzia. Ulitarajia nini kabla ya kuanza? Ni nini hasa kilitokea, na una ushahidi gani? Ulipokwama ulifanya nini? Ukianza upya kesho, utabadili nini na kwa sababu gani? Maswali haya hayahitaji vifaa vya gharama. Yanahitaji daftari la mradi ambalo mwanafunzi huandika mistari michache kila baada ya hatua, huku kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Anayesubiri hadi siku ya kukabidhi huandika hadithi iliyonyooka, wakati kazi yenyewe haikunyooka hivyo.

Daftari hilo pia ni kinga dhidi ya kazi za kununua. Fundi anaweza kuuza kifaa, lakini ni vigumu kuuza kumbukumbu za wiki sita zenye vipimo vilivyokosewa, michoro iliyofutwa na uamuzi uliobadilishwa. Hata kwa wanafunzi wanaofikiwa na programu za akili unde zinazoweza kuandika ripoti nzima kwa dakika chache, mazungumzo mafupi ya ana kwa ana kuhusu kilichoandikwa kwenye daftari humwezesha mwalimu kutambua ni nani aliyefanya kazi.

Ipo tahadhari moja. Tafakuri ikipewa alama kwa uzuri wa maneno, wanafunzi watajifunza haraka kuandika kile ambacho mwalimu anapenda kusoma. Sentensi kama “nimejifunza umuhimu wa ushirikiano” itajaa katika kila daftari bila kumaanisha chochote. Dawa yake ni kudai jambo mahususi: ni nani alitofautiana na nani, kuhusu nini, na kundi lilifikiaje uamuzi? Mwanafunzi anayekiri kosa na kulieleza asipunguziwe alama kwa ukweli wake. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa; lakini asiyepewa nafasi ya kulichunguza kosa lake ana kila sababu ya kulirudia.

Wapo watakaouliza ni vipi mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 au zaidi atamsikiliza kila mmoja. Hoja hiyo ni ya msingi. Njia mojawapo ni wanafunzi kuulizana wawili wawili kwa dakika tano, kisha kundi moja au mawili kueleza mbele ya darasa kila wiki, huku mwalimu akipitia madaftari machache kwa zamu. Suala la lugha nalo lina nafasi yake. Kwa kuwa masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, mwanafunzi anaweza kuonekana hana la kusema ilhali kinachokosekana ni msamiati. Akiruhusiwa kujieleza kwanza kwa mdomo kwa Kiswahili, ndipo aandike, fikra yake hutangulia na lugha hufuata.

Jukumu hili haliwezi kuachiwa mwalimu peke yake. Wakuu wa shule wanaweza kutenga muda wa tafakuri ndani ya ratiba, na vikao vya walimu chini ya utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) vinaweza kutumika kulinganisha madaftari na kujadili maswali yanayozaa majibu yenye maana. Wathibiti Ubora wa Shule nao, wanapokagua kazi mradi, wanaweza kuomba kuona daftari pamoja na kifaa.

Kwa upande wa mzazi au mlezi, msaada wenye tija ni kuuliza na kusikiliza. Mtoto anayerudi nyumbani na jiko lililopasuka hahitaji jingine la dukani. Anahitaji mtu wa kuketi naye, aligeuze jiko hilo mkononi na kumuuliza ufa ulianzia wapi.