Mbolea ya ruzuku: Foleni isiyoonekana ndiyo inayomrudisha mkulima mikono mitupu

MKULIMA wa Mundindi, jirani na chuma cha Liganga wilayani Ludewa, anapofunga safari kufuata mbolea Njombe au Makambako, hesabu yake ya kwanza ni nauli. Ya pili ni kama mfumo utakuwa unafanya kazi.

Ruzuku iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Mbeya Agosti 8, 2022 ilishusha mfuko wa kilo 50 wa DAP kutoka Sh131,676 hadi Sh70,000. Pamoja na nafuu hiyo ulikuja utaratibu mpya: mkulima aandikishwe kijijini, apewe namba, na wakala aihakiki kwa simu kabla ya kuuza. Msimu huo wa 2022/23 wakulima walisimama kwenye foleni ndefu, na jibu walilopewa mara nyingi lilikuwa moja: "mtandao".

Neno hilo limekuwa gunia la kutupia kila tatizo. Wakala akibonyeza simu, ombi lake husafiri hadi kompyuta kuu. Katika mifumo mikubwa, maombi hupangwa kwanza kwenye foleni, kama watu mlangoni pa ghala, kisha hushughulikiwa kwa zamu. Tofauti ni kwamba foleni hii haionekani kwa macho.

Ndiyo sababu zipo programu za kuichora. RabbitMQ, kwa mfano, ina ukurasa unaoonyesha kwa mistari ujumbe unaoingia, unaotoka na unaosubiri. Mstari wa unaosubiri ukipanda huku wa unaotoka umelala, fundi anajua kompyuta kuu imezidiwa au imesimama. Lakini ikiwa saa nne asubuhi maduka ya Makambako yamejaa watu na hakuna kinachoingia kutoka huko, kosa liko njiani, pengine kwenye mnara. Dawa ya moja haitibu nyingine, na bila mchoro fundi anabahatisha.

Kwa mkulima, kubahatisha huko ni fedha. DAP huwekwa wakati wa kupanda, na mvua za Njombe zikianza Novemba hazimsubiri fundi. Nafuu ya Sh61,676 kwa mfuko ya msimu wa 2022/23 iliyeyuka haraka kwa mwenye mfuko mmoja aliyelipa nauli mara mbili na kulala gesti. Wakala naye anakaa na mzigo ghalani huku mtaji wake umelala.

Ni kweli kwamba mchoro peke yake hauongezi kasi ya kompyuta. Anatakiwa mtu wa zamu, hata Jumapili, mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Lakini pia picha hiyo isiishie kwa mafundi wa makao makuu. Ofisa kilimo wa wilaya na wakala hawahitaji mistari yote. Inawatosha kuona kama maombi ya wilaya yao yanapita au yamekwama, na tangu saa ngapi. Wakala akilijua hilo alfajiri, anaweza kuwatumia wateja wake wa Ludewa ujumbe kabla hawajapanda basi.