Kinyonga «wa Kufugwa»: Mama Yake Yuko Wapi?

Kuna wazo ambalo tunalisikia hapa Butembo na Beni, na tunataka kulijibu wazi. Linasema hivi: kinyonga mwenye pembe wa milima yetu ananunuliwa Ulaya na Marekani kwa dola, basi tumkamate, tumtie katika sanduku, tuandike kwamba amezaliwa nyumbani, tumuuze. Na lile katazo la wazee la kutomgusa kinyonga? Wanajibu: ujinga wa zamani, achana nao.

Sisi tunasema hapana. Si juu ya sumu. Kinyonga hana sumu, na hilo tuwafundishe watoto wetu, maana wengi bado wanamrushia mawe. Lakini woga ule wa wazee ulifanya kazi moja nzuri: kinyonga aliachwa apite. Anayetaka kuondoa woga, sawa, auondoe. Lakini pahali pake anaweka nini? Makuta tu?

Neno kufuga lina uzito kwetu. Mama anayefuga dende jikoni anajua kila mtoto alizaliwa na nani. Mwenye mbuzi anajua dume lilitoka kwa jirani gani. Kukamata si kufuga. Hata jike aliyetolewa porini na mimba yake, akataga sandukuni juma la pili, hujamfuga bado. Umechukua mama pamoja na mayai yake, basi.

Sheria ya dunia inasema karibu sawa na yule mama wa dende. Mkataba wa Washington wa 1973, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976, unawaweka vinyonga katika orodha ya pili tangu 1977: kumpeleka nje bila kibali ni kosa. Na juu ya kibali kuna herufi. W ni mnyama wa porini. F ni aliyezaliwa bandani lakini hajatimiza masharti yote. C ni yule ambaye wazazi wake walipandana bandani, katika kundi linaloweza kutoa hata wajukuu bila kurudia porini kila mara. Anayeandika C juu ya mnyama wa W ni mwongo, hata akipiga mihuri mitatu.

Tumtazame mnyama mwenyewe. Kinyonga wa pembe tatu wa Ruwenzori, dume ndiye mwenye pembe, anataka baridi ya usiku, umande na wadudu kila siku. Jike anataga udongoni, na mayai yanakaa miezi. Joto la Beni si la mlimani. Kumzalisha kweli ni kazi ya miaka. Kumkamata ni kazi ya asubuhi moja. Hapo ndipo uongo unapozaliwa. Kinyonga wa Yemen na yule wa rangi nyingi wa Madagaska wanazalishwa kwa wingi huko Ulaya na Marekani, hawahitaji kutuomba. Wanachotafuta kwetu ni yule aliye adimu.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 1900 Harry Johnston, mtawala Mwingereza wa Uganda, alifika boma la Mbeni, ndiyo Beni yetu, akitafuta habari za okapi. Mwaka 1901 wataalamu wa London waliandika jina lake juu ya okapi, na juu ya kinyonga huyu pia. Jina limekwenda, mnyama amebaki. Sasa tumtoe na mnyama?

Tuliona kasuku wa kijivu. Walisema ni wengi, hawaishi. Mwaka 2016, kule Johannesburg, nchi za mkataba ziliamua kufunga biashara ya kasuku wa porini kati ya nchi na nchi. Mwaka huohuo Tanzania, iliyokuwa ikiuza vinyonga wengi, ilisimamisha kupeleka nje wanyama hai. Uongo wa wachache unafunga mlango hata kwa mfugaji wa kweli.

Watatuambia: ninyi mmeshiba. Tangu 2014 mauaji yamewafukuza watu wa Beni mashambani, na aliyeacha kakao yake hawezi kula mila. Ni kweli, bwana. Lakini katika biashara hii aliye porini anapata kidogo. Bei kubwa iko ng'ambo. Akimaliza vinyonga vya mlima wake, umaskini utakuwa palepale.

Hatukatai ufugaji. Anayetaka kufuga aombe kibali kwanza, aandike kila jozi, aweke daftari la mayai, aulize wataalamu wa kilimo na mifugo wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben hapa Butembo, na auze wajukuu, si wale aliowatoa mlimani. Mpaka siku hiyo kinyonga aachwe apite. Na yeyote anayetuletea sanduku akisema amefuga, tumuulize kama tunavyouliza dende: mama yake yuko wapi?